Bustani ya Machi Uingereza: dalili, sababu na la kufanya

Kila Machi, sisi Waswahili tuliokodi vishamba vya halmashauri hapa Uingereza huulizana maswali yale yale. Mchicha umepandwa wiki tatu zilizopita na hakuna hata jani. Miche ya nyanya dirishani imelala. Sukuma imebaki vijiti. Aliyepewa kipande kizima cha takriban mita za mraba 250 baada ya kungoja kwenye orodha miaka kadhaa anaanza kujiuliza kama udongo wa huku una laana.

Hauna. Sehemu kubwa ya matatizo haya inatokana na jambo moja: tunatazama jua, tunasahau udongo. Nyumbani, uwe umetoka Morogoro au Kitui, mkulima husubiri mvua, na joto la ardhi halimpi mawazo. Huku maji yapo tele mwezi Machi; kinachosubiriwa ni joto. Jua la mchana linaweza kukufanya uvue koti huku udongo ulio chini ya buti lako una nyuzi 5 tu.

Kwa hiyo kabla ya kushuka kwenye dalili yako, tafuta kipimajoto cha udongo. Ni kifaa cha bei nafuu na kinapatikana kwenye duka lolote la bustani. Kichomeke sentimita 5 hadi 10 ardhini saa tatu asubuhi, siku tatu au nne mfululizo. Asubuhi ndipo udongo unaposema kweli.

Mbegu zimepandwa, hakuna kilichoota

Usimwage maji zaidi na usipande upya kwanza. Fukua mbegu chache taratibu kwa ncha ya kijiti uzitazame. Mbegu ikiwa ngumu na nzima, inasubiri joto. Ikiwa laini, inabonyea na kutoa harufu, imeoza. Ukikuta vishimo vidogo na maganda yaliyotafunwa, panya amekutangulia. Hapo tayari umejua nusu ya jibu.

Baridi ndiyo sababu ya kwanza, na inazipita nyingine zote kwa mbali. Maharage mapana na njegere huanza kuamka udongo ukifika kama nyuzi 5. Karoti na bitiruti zinataka 7 au zaidi. Maharage ya kawaida yanataka 12, maboga 13 hadi 15. Mchicha hautaki mchezo: uupe 18 kwenda juu, la sivyo utakaa ardhini hadi uoze. Ukitaka kuharakisha tuta moja, litandaze karatasi ya nailoni wiki tatu au nne kabla ya kupanda, ubane kingo zake kwa mawe. Udongo utakauka na kupanda nyuzi kadhaa. La sivyo, otesha ndani kwenye trei.

Baada ya baridi huja maji yaliyotuama, ambayo tutayarudia. Kisha panya na njiwa, hasa kwenye njegere. Hao dawa yake ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, au kuotesha njegere nyumbani na kuzihamisha zikiwa na urefu wa kidole. Kisha kina: mbegu isifukiwe zaidi ya mara mbili ya unene wake, na ile ya mchicha inyunyiziwe udongo kiasi cha kufichika tu. Mwisho ni mbegu zilizozeeka. Za vitunguu hupoteza nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili hata kama pakiti bado inang'aa. Zipime: weka mbegu kumi ndani ya karatasi ya tishu yenye unyevu, funga kwenye mfuko wa plastiki, weka chumba chenye joto. Zikiota chini ya tano, nunua nyingine.

Kuhusu mchicha, kwa sababu ndio unaowatia watu wengi uchungu. Otesha ndani mwishoni mwa Aprili, toa nje mwishoni mwa Mei au Juni, utakula hadi Septemba. Wajamaika wanaolima jirani yako wanaujua vizuri, na kwao jina lake ni callaloo. Mbegu zake zinauzwa humu humu nchini. Nalisema hili kwa sababu abiria haruhusiwi kuingiza mbegu za kupanda kutoka Afrika Mashariki bila cheti cha afya ya mimea. Ile pakiti aliyokufungia shangazi kwenye sanduku inaweza kuchukuliwa uwanja wa ndege, na sheria hiyo ina maana: magonjwa ya mimea husafiri ndani ya mbegu.

Miche ya dirishani imerefuka, imepauka, inalala

Mwanga hautoshi, na mara nyingi joto limezidi. Hizi mbili zikikutana, mche unakimbia kutafuta jua bila kujenga shina. Angalia kwanza dirisha lako limeelekea wapi. La kusini linafaa. La kaskazini halitakupa mche wa nyanya mwezi Machi hata ungeubembeleza vipi. Angalia pia kama trei imekaa juu ya redieta. Joto hilo ni zuri kwa kuotesha tu. Mara majani ya kwanza yanapojitokeza, hamishia trei mahali penye nyuzi 15 hadi 18 na igeuze kila siku.

Nyanya iliyorefuka inaokoleka: ipandikize chungu kingine ukiizika hadi karibu na majani ya kwanza, nayo itatoa mizizi kwenye shina lililofukiwa. Sukuma na kabichi nazo zinakubali kuzikwa hadi chini ya majani. Maboga na matango usiyazike, shina litaoza. Taa ya LED ya kuoteshea miche, ikiwashwa saa 12 hadi 14 kwa siku, inasaidia kweli. Ila kama huna, ushauri wangu ni kupanda nyanya mwishoni mwa Machi badala ya Februari. Mche wa Machi humfikia ule wa Februari na mara nyingi humpita, kwa sababu haukuteseka.

Miche inaanguka ghafla, shina limenywea usawa wa udongo

Huyu ni kinyausi. Jana trei ilikuwa kijani yote, leo kona moja imelala, kesho duara limepanuka. Ukiinama utaona shina limekuwa jembamba na lenye majimaji pale linapogusa udongo, pengine na utando wa kijivu juu yake. Ni kuvu wa udongoni, na hupenda mambo matatu: maji mengi, msongamano wa miche, na hewa isiyotembea.

Iliyoanguka haiponi. Iondoe pamoja na udongo unaoizunguka, nje ya nyumba kabisa. Iliyobaki ipunguzie maji: weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo kwa dakika chache inywe kutoka chini, kisha itoe. Fungua kifuniko. Tumia maji ya bomba kwa miche michanga, si ya pipa la mvua, kwa kuwa pipa hukusanya vimelea. Msimu ujao osha trei kwa maji moto na sabuni na ununue udongo mpya wa kuoteshea. Uliofunguliwa mwaka jana utumie kwa mimea mikubwa. Sipendekezi kupuliza dawa yoyote hapa. Ukirekebisha maji na hewa, umemaliza.

Miche ilikuwepo jioni, asubuhi haipo

Mkosaji huacha alama, na kazi yako ni kuzisoma kabla ya kununua chochote.

Utelezi unaong'aa na matundu yasiyo na mpangilio: konokono, hasa wale wasio na gamba. Ndio wakosaji wakubwa wa majira haya. Toka na tochi saa tatu au saa nne usiku baada ya mvua, utawakuta kazini. Waokote. Ukifanya hivyo usiku kadhaa mfululizo utaona tofauti kubwa kuliko kwa maganda ya mayai, ambayo watu huyasifu na mimi sijawahi kuona yakimzuia konokono hata mmoja. Ubao uliolazwa chini nao unasaidia: mchana hujificha chini yake, unaugeuza na kuwakusanya.

Majani yamechanwa yakabaki mishipa ya kati tu, na juu ya ardhi hakuna utelezi: njiwa wa porini. Huyu anapenda sukuma kuliko sisi. Wavu ndio dawa, lakini uinue juu ya fito au mabomba yaliyopindwa. Ukiulaza juu ya majani, njiwa atakaa juu yake na kula kupitia matundu.

Mche umekatwa chini kabisa na umelala pale pale haujaliwa: sota, kiwavi anayekata shina usiku. Chimba sentimita chache kuzunguka mche utamkuta amejikunja.

Wale wanaotaka dawa ya konokono wajue hili: punje za metaldehidi zimepigwa marufuku kutumika nje hapa Uingereza tangu Aprili 2022, maana huua ndege, kalunguyeye na mbwa. Bado unaweza kukuta boksi lake la zamani kwenye banda ulilorithi. Usilitumie wala usilitupe kwenye pipa la kawaida. Lipeleke kituo cha taka cha halmashauri. Punje za fosfeti ya chuma zinaruhusiwa, zitawanywe kidogo kidogo. Nematodi, yaani minyoo isiyoonekana kwa macho inayowaua konokono ardhini, zinafanya kazi vizuri udongo ukivuka nyuzi 5 na ukiwa na unyevu, kwa muda wa kama wiki sita.

Majani yamegeuka zambarau au manjano

Zambarau kwenye majani ya nyanya, mahindi au kabichi changa, mwezi Machi na Aprili, karibu kila mara ni baridi. Fosforasi, kirutubisho ambacho mmea ukikikosa majani huwa zambarau, imo udongoni, ila mizizi iliyopoa haiwezi kuivuta. Mtu akiona hivyo hukimbilia mbolea, akazidisha chumvi kwenye udongo usio na njaa. Subiri. Funika kwa kitambaa chepesi cheupe cha bustani usiku, na jani jipya litatoka kijani.

Manjano yakianzia majani ya chini ya sukuma au kitunguu saumu kilichopitisha majira ya baridi, mvua imesafirisha naitrojeni, kirutubisho cha majani. Hapo mbolea ina kazi: mboji iliyoiva, au kiganja cha mbolea ya samadi ya kuku iliyokaushwa kwa kila mita ya mraba, mwishoni mwa Machi mimea inapoanza kukua. Yakiwa manjano mmea mzima na udongo unanata, tatizo ni maji. Nenda sehemu inayofuata.

Udongo ni tope, au maji yamesimama

Chukua udongo wa kina cha kidole, uufinyange. Ukitengeneza donge linalong'aa na kukunjika bila kuvunjika, funga banda urudi nyumbani. Ukiachia ukamegeka, anza kazi. Hakuna kosa linalodumu kama kukanyaga udongo wa mfinyanzi ukiwa umelowa: unaufunga, hewa inatoka, na matokeo yake utayaona mwaka mzima. Ikibidi upite, weka ubao mrefu usimame juu yake.

Ili kujua kama tatizo ni la juu au la chini, chimba shimo la sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena. Yakibaki kesho yake, kuna tabaka gumu chini au maji ya ardhini yako juu. Tabaka gumu linapasuliwa kwa uma wa bustani, siku kavu, bila kugeuza udongo. Tandaza mboji sentimita 5 kila mwaka. Minyoo watamaliza kazi. Penye maji ya kudumu, inua matuta.

Simama hapa kama maji yanatokea ghafla mahali palipokuwa pakavu, au yana harufu ya choo. Hilo ni bomba au mfereji uliopasuka. Mwarifu msimamizi wa vishamba au halmashauri, usile mboga za hapo, na usichimbe kutafuta bomba mwenyewe.

Kabichi na sukuma zinanyauka mchana hata udongo ukiwa na maji

Ng'oa mmea mmoja. Mizizi ikiwa imevimba mabonge yasiyo na umbo, ni ugonjwa wa uvimbe wa mizizi, na vimelea vyake huweza kukaa udongoni hadi miaka 20. Mizizi ikiwa imeliwa na kuna mabuu meupe, ni nzi wa mizizi, ambaye huanza mwishoni mwa Aprili. Duara la kadibodi kuzunguka shina au wavu mwembamba humzuia asitage.

Kwa ule uvimbe hakuna dawa ya kumpa mwenye bustani. Kinachowezekana ni kuishi nao. Weka chokaa hadi pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ifike 7 au zaidi kidogo, boresha mtiririko wa maji, otesha miche kwenye vyungu hadi iwe na mizizi mingi ndipo uihamishe, na utafute aina zinazovumilia, kwa mfano kabichi ya Kilaton. Mizizi yenye mabonge usiitie kwenye mboji. Safisha buti na jembe kabla ya kuingia kwa jirani, na ukipewa miche ya bure usiyoijua ilikotoka, ikague mizizi kwanza. Ugonjwa huu huingia bustanini kwa mkono wa mtu mwema.

Maua ya matunda yamekauka, hakuna tunda

Watu wa Njombe na Nyandarua wanaijua sakitu, ile baridi ya usiku inayogandisha umande. Huku hupiga hadi Mei: kusini mwisho wake kwa kawaida ni Aprili au mapema Mei, na Scotland huweza kufika Juni. Mpichi na mplamu huchanua Machi na mapema Aprili, na ua lililofunguka huumia joto likishuka kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Tazama katikati ya ua: likiwa jeusi, hasa kwenye stroberi, tunda limekufa hata kama petali bado ni nyeupe.

Jioni ya anga safi isiyo na upepo, funika kwa kitambaa cha bustani mara mbili, bila kugusa maua. Asubuhi kiondoe, nyuki wapite. Kama maua hayakuungua na bado hakuna tunda, nyuki hawakutoka kwa sababu ya baridi. Mpichi uchavushe mwenyewe kwa brashi laini mchana. Au mtofaa wako uko peke yake: aina nyingi zinahitaji jirani wa aina nyingine anayechanua wakati mmoja.

Majani ya mpichi yakivimba na kuwa mekundu, ni kuvu wa mkunjo wa majani, anayeenezwa na mvua. Yachume. Mwaka ujao ukinge mti kwa paa la nailoni tangu Novemba hadi katikati ya Mei.

Sukuma ya mwaka jana inatoa maua

Si ugonjwa. Imepita baridi, sasa inataka kuzaa mbegu. Vunja vile vichipukizi vya maua vikiwa bado vimefumba uvikaange na kitunguu; ni vitamu. Kisha ng'oa shina upande upya.

Maharage na nyanya zimejikunja ncha, majani yamekuwa membamba

Baridi hukunja majani, lakini majani mapya yakitoka membamba, yamejisokota na mishipa imelala sambamba, shuku samadi. Kuna dawa ya kuua magugu iitwayo aminopiralidi, hupulizwa malishoni, hupita kwa ng'ombe au farasi bila kuvunjika na kukufikia ndani ya samadi. Nyasi na mahindi haizidhuru. Maharage, viazi na nyanya inaziua.

Kabla ya kutandaza samadi yoyote, jaza vyungu vitatu kwa samadi iliyochanganywa na udongo, vitatu kwa udongo mtupu, panda maharage mapana yote, subiri wiki tatu au nne. Ndani ya nyumba inawezekana hata mapema Machi. Zikijikunja za samadi peke yake, usiitandaze, mrudishie aliyekuuzia na uwaambie majirani. Kama imeshatandazwa, changanya udongo mara kwa mara ili vijidudu vivunje dawa, panda mahindi mwaka huo, na usiitie kwenye mboji.

Vitu vya kutogusa

Bamba la bati la saruji lenye mawimbi kwenye banda la zamani huenda lina asbesto, iliyopigwa marufuku kabisa nchini mwaka 1999. Usilivunje, usilitoboe, usilisugue. Piga simu halmashauri.

Machipukizi mekundu mazito yenye vifundo kama mwanzi, yakitokea Machi au Aprili, huenda ni kile kichaka cha Japani (Japanese knotweed) kinachoogopwa na wenye nyumba hapa. Usichimbe; kipande kidogo cha mzizi huzaa mmea mpya, na taka zake zina sheria yake. Piga picha, msimamizi ataita kampuni yenye leseni.

Chupa za dawa zisizo na lebo haziingii kwenye pampu yako hata kwa majaribio. Na kama kipande chako kiko kando ya reli au palikuwa na kiwanda, iulize halmashauri kama udongo umepimwa madini ya risasi kabla hujawapa watoto karoti zake. Jibu likichelewa, panda kwenye matuta yaliyoinuliwa yenye udongo ulionunua, na osha mikono kila unapotoka.